Kobe wa majini wa kufuga ndani: masikio mekundu, miski, kobe wa rangi au kobe ramani?

MamaNeema, Dallas

Habari zenu wapendwa. Naomba mawazo kabla sijafungua pochi. Mwanangu wa miaka tisa ameniganda anataka kobe, na si wa nchi kavu, anataka yule wa kuogelea kwenye tangi la kioo. Mbwa mkataba wa fleti haumruhusu, paka anampiga baba yao chafya kutwa. Kobe, ofisini wamesema hawana neno mradi maji yasimshukie jirani wa chini.

Nimesoma weee mpaka nimebaki na majina manne. Wa kwanza masikio mekundu, yule slaida anayejulikana na kila mtu. Wa pili miski, mdogo, mweusimweusi. Wa tatu kobe wa rangi wa kusini, mwenye mstari mwekundu mgongoni. Wa nne kobe ramani. Kwenye soko la Jumamosi huku kuna mzee anauza vitoto vya masikio mekundu, gamba halizidi sarafu kubwa, dola kumi na tano pamoja na beseni la plastiki lenye kimnazi katikati. Kijana alipoviona ilibidi nimvute mkono.

Sebule yetu si kubwa, ukuta ulio wazi ni kama futi nne na nusu. Nataka kujua yupi hageuki dude, yupi hanuki, na yupi mtoto atamwona kweli badala ya kutazama maji matupu. Atakayesafisha tayari namjua, ni mimi.

FundiTangi, Minneapolis

Karibu dada. Umemaliza na jambo ambalo wengi hawalifikirii kabisa, la nani atasafisha. Anzia hapo hapo, kwa sababu kobe anachafua maji kuliko samaki wa ukubwa wake mara nyingi. Anakula ovyo, anararua chakula, kisha anajisaidia mle mle.

Hesabu inayotumiwa sana huku ni galoni kumi za maji kwa kila inchi ya gamba. Si sheria ya Mungu, ila inakupa picha. Masikio mekundu jike (Trachemys scripta elegans) anafika sentimita 25 hadi 30, yaani inchi kumi, kumi na mbili. Hapo unazungumzia galoni mia na zaidi. Dume anabaki mdogo kidogo lakini naye si wa beseni. Kile kitoto cha sarafu unachokiona sokoni hakina alama yoyote ya kukwambia ni jike au dume. Mpaka kucha za mbele zirefuke na mkia unenepe ndipo unajua, na kwa wakati huo mtoto kashampa jina.

Miski (Sternotherus odoratus) ni hadithi nyingine. Mkubwa wake ni sentimita 8 hadi 13 hivi. Tangi la galoni 40, lile pana lenye futi tatu, linamtosha maisha yake yote. Na hayo maisha ni marefu, usidanganyike na udogo: wamo waliofikisha miaka hamsini wakitunzwa na watu. Jina la kunuka amelipata kwa tezi zilizo pembeni mwa gamba, akishtuliwa anatoa kitu kama harufu ya kamba ya umeme iliyoungua. Ila aliyezaliwa nyumbani, asiyesumbuliwa, unaweza kukaa naye miaka usiwahi kuinusa.

Wa rangi wa kusini (Chrysemys picta dorsalis) ndiye mdogo kuliko ndugu zake wote wa jamii ile, sentimita 10 hadi 15. Angalia sana neno kusini. Wa magharibi anafika 25, na wauzaji wengine wanaandika kobe wa rangi tu, basi. Uliza ni yupi.

Ramani (Graptemys), dume mdogo, jike anaweza kumzidi karibu maradufu. Wazuri mno wa kutazama, ile michoro shingoni utadhani imechorwa kwa kalamu. Lakini ni wa mito yenye maji safi, na maji yakichafuka kidogo gamba linaanza kuoza madoa. Kwa anayeanza, mimi namwondoa kwenye orodha.

Ningekuwa wewe ningechukua miski, dume au jike haidhuru.

Njoro254, Lowell

FundiTangi umesema poa lakini unamfanya masikio mekundu aonekane jini. Mimi niko naye, na ni mnyama anakujua. Nikiingia jikoni anakuja mbio kwa kioo anapiga makasia na mikono miwili kama amenionea mbali. Miski atakupa nini? Atakaa chini ya gogo siku mzima, mtoto aangalie gogo. Masikio mekundu hana magonjwa ya ovyo, anakula kila kitu, bei ni rahisi, kila daktari wa reptilia anamjua. Wanauza vitu vyake kila duka.

Dada chukua masikio mekundu, nunua tangi kubwa mara moja, maneno yaishe.

FundiTangi, Minneapolis

Njoro, hilo la kuja mbio kwenye kioo ni njaa tu, ndugu yangu. Wote wanafanya hivyo wakishajua mkono gani unatoa chakula, hata miski.

Lakini kuhusu kuonekana uko sahihi, na dada aliuliza. Miski anatembea chini. Huyu si mwogeleaji, ni mtembezi wa matope: anakanyaga sakafu ya tangi taratibu, anachungulia chini ya jiwe, akitaka hewa anapanda mzizi au anarefusha shingo mpaka pua itokeze juu. Ndiyo maana akiwa mdogo maji yasizidi kina cha sentimita 15 hivi, na akikua uweke magogo ya kupandia, la sivyo atachoka na anaweza hata kuzama. Mchana anapenda kujificha, jioni ndipo anazunguka. Mtoto anayerudi shuleni saa tisa na nusu na kulala saa tatu atamwona saa zake nzuri kabisa, lakini mchana wa Jumamosi ataona gogo, kweli.

Wa rangi ndiye wa kuonekana. Mchana kutwa yuko juu ya kisiwa chake amenyoosha miguu ya nyuma anaota jua, ukipita karibu anajirusha majini chubwi, baada ya dakika anapanda tena. Basi dada, kama kuonekana ni muhimu kuliko nafasi, wa rangi wa kusini kwenye galoni 75. Hilo lina urefu wa futi nne, linaingia kwenye ukuta wako.

Zuhura_wa_Maskati

Assalaam aleikum jamaa. Mimi niko Omani na huku madukani utawakuta masikio mekundu tu, hao wengine ni hadithi za kusikia. Naongeza moja ambalo ndugu zangu wa Marekani hawalioni: kwetu shida si kupasha maji moto, ni kuyapooza. Kiangazi maji ya bomba yanatoka kwenye tangi la juu ya paa, yanachoma mkono. Ukibadilisha maji saa nane mchana unampika kobe wa watu. Mimi huteka usiku kwenye ndoo, nikayaacha ndani kwenye kiyoyozi mpaka asubuhi, ndipo namimina, na dawa ya kuondoa klorini natia kwenye ndoo, si kwenye tangi.

Dallas nako joto, si ndiyo? Pima kwanza kwa kipimajoto. Mkubwa anataka maji ya nyuzi 22 hadi 25, mtoto zaidi kidogo, na mahali pa kuotea jua nyuzi 30 na ushei. Watu wanashika maji kwa kidole wanasema sawa. Kidole si kipimo.

MamaNeema, Dallas

Asanteni sana, naona mwanga. Zuhura hilo la maji nimelipenda, huku Agosti bomba la baridi halina baridi.

FundiTangi, wa rangi na miski ndio wamebaki basi. Swali: taa. Dukani wameniambia taa mbili, mwingine akaniambia niweke tangi dirishani jua ni la bure. Nani mkweli? Na bei yote inakuja ngapi kwa ujumla, maana kobe mwenyewe naona si ghali, vitu vyake ndivyo.

FundiTangi, Minneapolis

Dirishani hapana. Kioo kinazuia ile miale ya UVB ambayo kobe anaihitaji kutengeneza vitamini D na kujenga gamba. Jua la dirishani litakuletea mwani wa kijani na maji ya moto, faida hakuna.

Taa mbili ni kweli. Moja ya joto, ya kawaida tu, inayolenga kisiwa. Ya pili ya UVB, chukua ile ndefu ya mrija aina ya T5, si zile za kujipinda zinazouzwa kwa seti. Iwake kwa muda wa saa kumi hadi kumi na mbili kila siku. Na ujanja wenyewe ni huu: UVB inakwisha kabla mwanga haujazima. Taa inawaka vizuri, wewe umeridhika, kobe hapati kitu. Andika tarehe kwa kalamu ya wino kwenye kitako chake, mwaka ukifika badilisha. Kobe wasiopata UVB gamba linalainika ukilibonyeza, miguu inapinda, na ikishapinda hairudi.

Chujio: soma galoni zilizoandikwa kwenye boksi kisha ugawe kwa mbili au tatu. Chujio lililoandikwa la galoni 75 ni la samaki wa galoni 75. Kwa kobe nunua lililoandikwa 150 au 200, lile la kopo linalokaa chini ya meza. Kwa vitu vyote vipya jiandae na dola 400 hadi 600. Vya mkononi unaweza kushuka nusu, matangi yanatupwa hovyo hapa Marekani watu wakihama. Taa ya UVB tu ndiyo usinunue ya mkononi.

Mama_Furaha, Louisville

Jambo yenu wandugu. Mimi ninafanya kazi ya uuguzi, nimesoma yote hapa na hakuna aliyeuliza swali la kwanza. Dada MamaNeema, nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka mitano? Kuna mzee, au mtu anayetumia dawa za saratani?

Ninauliza kwa sababu ya salmonela, bakteria anayeleta kuhara. Kobe anaibeba tumboni bila kuugua, anaitoa kwenye kinyesi, inaingia kwenye maji, inashika gamba, inashika kisiwa, inashika ndoo. Kobe anaonekana msafi kabisa. Ndiyo sababu serikali ya Marekani tangu 1975 inakataza kuuza kobe mwenye gamba chini ya inchi nne, maana watoto wadogo walikuwa wanawatia mdomoni. Yule mzee wa sokoni mwenye vitoto vya sarafu anavunja sheria hiyo. Watakuambia ni kwa elimu, kuna mwanya huo, lakini beseni la mnazi si elimu. CDC, ile taasisi ya serikali ya Marekani ya kuzuia magonjwa, ilifuatilia milipuko iliyotokana na kobe wadogo mwaka 2023, na tena 2024. Si mambo ya zamani.

MamaNeema, Dallas

Dada Mama Furaha umenigusa. Mdogo wao ana miaka mitatu, na ni wa kutia kila kitu mdomoni.

Njoro254, Lowell

Sasa tusimtishe mama. Sisi tumekua tukishika vyura na kobe mtoni, tukala mahindi na mikono hiyo hiyo, na tuko hapa. Aoshe mikono, kwisha.

Mama_Furaha, Louisville

Kaka Njoro, walioko hapa ndio wanaosimulia. Mtoto wa miaka mitatu akipata salmonela si kuhara kwa siku mbili tu. Inaweza kuingia kwenye damu. Nimewaona wodini, nimewawekea dripu.

Ushauri wa CDC ni wazi: nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano, kobe hafai. Mimi si polisi wa mtu. Mwenye kuamua ni mama. Lakini akiamua kufuga, basi: tangi lisisafishwe kamwe kwenye sinki la jikoni. Ndoo ya kobe ni ya kobe, haipigiwi deki. Maji machafu yanamwagwa chooni, si kwenye bafu wanamooga watoto, na akilazimika kuyamwaga bafuni alisugue kwa dawa papo hapo. Mikono kwa sabuni, hata ukigusa tu maji. Hakuna kumbusu kobe, hakuna kumwacha atembee kwenye zulia. Na tangi liwe na mfuniko, mahali mdogo hafikii.

Kaka_Mkubwa_Houston

Naingia nimechelewa. Najitolea kwenye kituo kinachopokea reptilia waliotelekezwa, kwa hiyo mnisamehe nikiongea kwa uchungu.

Mnalinganisha aina nne kana kwamba zote zinatoka dukani. Nawaambia, masikio mekundu hatuna pa kuwaweka. Wanaletwa kwenye ndoo, kwenye masanduku ya vifaa, mmoja aliletwa ndani ya sufuria yenye mfuniko. Hadithi ni ile ile kila mara: alinunuliwa wa sarafu, akawa sahani, mtoto kaenda chuo, mama kachoka. Mashamba ya Louisiana yanawazalisha kwa mamilioni, wengi wanapelekwa Asia, waliobaki ndio hawa wa masokoni. Wasiotuletea sisi wanawamwaga kwenye bwawa lolote, na huko ndiko balaa inakoanzia. Texas ni kwao, sawa, lakini Florida wamepiga marufuku kuwauza tangu 2007 kwa sababu wanachanganyika na kobe wa kule na kuharibu kizazi. Wamo kwenye orodha ya viumbe vamizi mia wabaya kuliko wote duniani.

Kwa hiyo aina ya tano ambayo hamkuiandika ni huyu: dume mkubwa wa masikio mekundu kutoka kituoni. Faida zake ni hizi. Umbo lake la mwisho unaliona kwa macho, hakuna kubahatisha. Unajua ni dume. Ana zaidi ya inchi nne, sheria haikugusi. Kashachunguzwa na daktari, na mara nyingi anakuja na tangi lake na chujio lake, kwa ada ndogo. Hasara: anataka maji mengi, na wengine wanakuja na magamba yaliyopinda kwa ufugaji mbaya.

Miski na wa rangi nao wanafika kituoni, mara chache. Jiandikishe usubiri. Na kama ni lazima ununue, nunua aliyezalishwa nyumbani, si aliyevuliwa mtoni. Wa kuvuliwa utamjua: ana makovu, mwani mgongoni, minyoo tumboni, na hali punje, yaani chakula kikavu cha dukani, anataka vinavyotembea tu.

Leicester_Said

Kwa wanaosoma kutoka Ulaya, tafadhali msinakili ushauri wa Texas. Umoja wa Ulaya ulizuia kuingiza masikio mekundu tangu 1997, na tangu 2016 jamii nzima ya Trachemys scripta imo kwenye orodha ya viumbe vamizi: kuuza, kuzalisha, kubadilishana, vyote hapana. Uingereza nasi tuna sheria hiyo hiyo. Aliyekuwa naye kabla ya hapo anaruhusiwa kukaa naye mpaka afe, mradi asizaliane wala asitoroke. Shemeji yangu ana mmoja, kazeeka kuliko gari zote zilizopita pale nyumbani.

Kwetu huku miski ndiye mfalme wa matangi ya ndani. Nawaunga mkono walioanza naye.

Kobe_wa_Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Mwasema kobe wa ng'ambo wote, kwani wetu hawana macho? Huku kwenye madimbwi na mito tuna yule wa shingo ya kukunja pembeni, Pelomedusa. Harudishi kichwa ndani moja kwa moja kama hao wenu, hukilaza ubavuni chini ya gamba. Jua likikausha dimbwi, hujizika matopeni akangoja. Mvua ya kwanza wamwona avuka barabara. Mtundu mno, hula chochote, na kunuka pia anajua. Mwaka 2014 wataalamu waligawanya jamii yake, na wa upande wa Tanzania wakamwita Pelomedusa kobe.

Lakini msije mkatuma binamu amwokote awaletee kwenye begi. Kenya mnyama wa mwituni ni wa taifa, kumfuga bila leseni ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, ni kesi, sheria ya 2013 iko wazi, na faini zake hazichezi. Mwacheni dimbwini.

Nina moja la msaada: ule mfupa mweupe wa dome, yule wa jamii ya ngisi, unaotupwa ufukweni. Mwaununua huko dukani kwa ajili ya ndege, ni uo huo. Utoeni ile sehemu ngumu ya nyuma, mvunjieni kipande mwachie aelee tangini, atafuna apendavyo. Kalsiamu ya bure.

Njoro254, Lowell

Hiyo ya mfupa nimejaribu wiki jana, ametapanya vipande kila mahali maji yakawa kama maziwa, lakini ameula wote. 😂

Na mboga? Mimi nampa sukuma wiki, anaipenda.

FundiTangi, Minneapolis

Sukuma wiki safi sana, ina kalsiamu ya kutosha. Spinachi na mchicha punguza, vina asidi inayoshika kalsiamu isifike mwilini. Majani ya dandelaini yasiyopigwa dawa ni mazuri na yanaota bure kwenye kila nyasi ya Marekani.

Hapa kuna tofauti nyingine ya aina hizi, dada, tusiipite. Masikio mekundu na wa rangi wakiwa wadogo ni wala nyama, wakikua wanageukia majani, kwa hiyo mkubwa mpe mboga kila siku na punje mara tatu, nne kwa wiki. Miski anabaki mla nyama: konokono, minyoo, dagaa wakavu mara moja moja, punje. Mboga atazitazama tu. Kipimo cha punje ni kiasi kinachoweza kujaa ndani ya kichwa chake kama kingekuwa kitupu. Kidogo, eh? Ndiyo. Kobe mnene hadi nyama inatokeza kwenye mashimo ya miguu ni kobe mgonjwa, ingawa wenyewe mnamwona ana afya.

Na mlishe kwenye beseni la pembeni ukiweza kuvumilia. Wapo wanaosema kumhamisha kunamsumbua, nami kwa miski sifanyi, lakini kwa masikio mekundu inakuokolea nusu ya kazi ya usafi.

Zuhura_wa_Maskati

Na mtu asiweke kobe wawili pamoja kwa huruma ya upweke. Madume mawili yatang'atana mikia, dume na jike dume atamsumbua jike usiku na mchana kwa kumpepea kucha usoni. Kobe hana upweke. Upweke ni wetu.

MamaNeema, Dallas

Jamani nimekaa na baba yao jana usiku, tumesoma yote tangu juu. Uamuzi ni huu. Sokoni haturudi, hilo limekwisha. Mpaka mdogo afike miaka mitano hakuna kobe atakayeingia ndani. Kijana kalia kidogo, kisha Kaka Mkubwa nikamwonyesha ujumbe wako, akauliza kama kwenye kituo wanaruhusu watoto kuja kutazama.

Tangi tunanunua sasa hivi, galoni 75, kuna dada wa Arlington anahama analiuza na meza yake na chujio la kopo. Tutaanza na samaki wadogo ajifunze kubadilisha maji kila wiki. Akiweza kulishika hilo bila mimi kumkumbusha, basi wakati ukifika tutachukua wa rangi wa kusini au dume wa kituoni, atakayepatikana. Miski nampenda mimi lakini kijana anasema anataka wa kuota jua.

Swali la mwisho. Tuko ghorofa ya pili, sakafu ni ya mbao. Itabeba?

Kaka_Mkubwa_Houston

Watoto wa umri wake wanaruhusiwa wakiwa na mzazi, Jumamosi asubuhi. Avae viatu vya kufunika vidole, na mdogo abaki na baba nyumbani. Nimekutumia anwani kwenye ujumbe wa siri.

Mama_Furaha, Louisville

Mungu akubariki dada. Na hata kwa samaki, ndoo ya tangi ni ya tangi.

FundiTangi, Minneapolis

Galoni 75 likijaa, pamoja na kioo na mawe, ni karibu kilo 385. Ni kama watu wazima watano wamesimama kona moja wasiondoke. Sakafu nyingi za fleti zinabeba, ila ujue pa kuliweka: ukuta wa nje au ule unaobeba nyumba, si katikati ya sebule, na urefu wa tangi ukatize mbao za sakafu, usilale sambamba na ubao mmoja. Ofisi wana ramani, waulize mbao zinaelekea wapi, na wakupe ruhusa kwa maandishi, wengi wana kikomo cha galoni ambacho hawakwambii mpaka maji yamwagike. Muulize na mtu wa bima ya wapangaji kama wanalipa uharibifu wa maji ya tangi.

Meza ya huyo dada wa Arlington ikague kabla hujalipa. Kama ni ya mbao za kubandika na imevimba pembeni kwa unyevu, chukua tangi uiache meza. Lijaze maji liko nje au kwake uani, likae usiku mzima juu ya magazeti makavu, asubuhi utazame kama yamelowa kwenye kona yoyote. Akikataa kulijaribu, mpunguzie bei au uondoke.